Kanda ya Kikorea na Kimya cha Bibi Harusi

Mkono wa bibi harusi haushikwi kwa juu. Ushikeni kwa chini, vidole vyenu vikae penye mshipa wa kifundo, na kidole gumba kiwe huru kuugeuza. Nyinyi mnaopamba sasa nawaona mmeuweka mkono wa mtu juu ya mto kama samaki wa kuuzwa, mnachora huku mnatazama simu. Mto hauwezi kukwambia lolote. Mshipa waweza.

Mimi Bi Mwanamize wa Kibokoni nilianza kazi hii sijaolewa, nikaiacha macho yaliponikataa. Sikusoma sana. Nina chuo cha Qur'ani na madarasa mawili ya skuli, basi. Haya nayaandika kwa sababu mmenizoea kwa habari za hina na asmini, na hamjanisikia nikieleza jinsi nilivyokaribia kumwoza msichana asiyetaka kuolewa. Sikuwa wali wake, yaani mwenye haki ya kumwoza, wala mama yake. Nilikuwa mpambaji tu, na hilo lilitosha.

Kwanza mjue nilivyofundishwa. Mwalimu wangu alikuwa Bi Zena, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa pilipili. Zama zake hina ilitwangwa nyumbani, ikachungwa kwa kitambaa cha shashi mara tatu, ikakandwa kwa ndimu na chai ya rangi iliyopoa. Tulichora kwa kijiti cha ukuti kilichochongwa. Hizi koni za nailoni zilikuja baadaye, nami nilizishuku mwaka mzima kabla sijazigusa. Bado nazishuku zile zinazokuja zimejazwa tayari. Hina isiyonuka majani mimi siitii mkononi mwa mtoto wa watu. Na ule wino mweusi, piko, niliwahi kumwunguza nao bibi harusi mmoja akatoka malengelenge kiganja kizima. Bi Zena hakunitukana. Alinipaka mimi mwenyewe piko ileile mguuni, akaniambia, "Kaa nayo mpaka alasiri, uje unieleze." Nilimweleza huku nalia.

Lakini hina ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kumfundisha mwari kukaa. Siku ya kupamba anawekwa mbele ya wanawake mia, kila mmoja amekuja kumkagua kama kitambaa dukani. Macho chini, kidevu kisiguse kifua, mabega yashuke, asicheke, asikune pua. Na kabla ya hapo, siku ya nikaha, sheikh anakuja na mashahidi wawili, anasimama nyuma ya pazia na kumuuliza mwari kama ameridhia. Hapo Bi Zena alinifundisha neno moja la kuwaambia wanawali wote: usijibu. Mwari anayejibu haraka ataambiwa hana haya, alikuwa akingoja mume kama anayengoja basi. Akinyamaza, sheikh amejua ameridhia. Na mpambaji ndiye aliye karibu naye, kwa hiyo mpambaji ndiye anayepiga kigelegele cha kwanza. Kikishapigwa, wanawake wote wanapokea, wanaume huko chini wanasikia, na mambo yamekwisha.

Kazi hiyo niliifanya miaka mingi, na niliifanya vizuri. Mabibi harusi wangu walisifiwa kwa kunyamaza.

Sasa habari ya kanda.

Ilikuwa miaka ya tisini. Jirani yangu Bi Shamsa alikuwa na mume baharia, na mume yule alikuja na furushi la kanda za video alizopewa na mabaharia wa Kikorea. Hazikuwa na picha juu, ila maandishi ya vijumba vijumba yaliyoandikwa kwa kalamu. Mimi nikamwambia Shamsa asiziweke ndani ya nyumba kabla mtu mzima hajazitazama.

"Mtu mzima ni mimi," akasema.

"Wewe ni mtu mzima wa umri tu. Mwanamume ametoka baharini miezi tisa na kanda zisizo na jina. Wazijua ni za nini?"

"Haya, ndoo kwangu tuzitazame basi, Bi Mize, unilinde."

Nikaenda kumlinda. Kwenye deki za video za kawaida kanda zile zilikuwa hazishiki, picha inapanda na kushuka na rangi hakuna. Lakini mumewe alikuwa na mashine ya Dubai iliyosoma kila namna, na hapo ikatokea jumba la kifalme, wanawake wenye sketi pana na vijikoti vifupi, na misuko mizito iliyozungushwa kichwani na kuchomekwa vibanio. Hakuna aliyevuliwa nguo. Kila mtu alikuwa amefunikwa hadi vidole. Nikatulia kidogo, lakini sikuondoka.

Ilikuwa hadithi ndefu ya zamani zao, kanda baada ya kanda, na sote wawili hatukujua neno moja. Shamsa hakukubali kushindwa. Alikaa karibu na televisheni akanifasiria.

"Huyu ni wifi yake. Amwambia, ulichofanya jana nimekiona."

Kesho yake mwanamke yuleyule akatokea. "Huyu mkamwana. Alalamika chakula."

"Jana alikuwa wifi, Shamsa."

"Ameolewa hapo katikati. Wewe ulikuwa wasinzia."

"Sikusinzia. Wewe watunga."

"Basi fasiri wewe, mwanachuoni."

Tulikuwa tukitazama baina ya adhuhuri na alasiri, na siku ya tatu nikaacha kumsikiliza. Nikawa natazama tu. Hapo ndipo nilipoanza kuona.

Nimetazama filamu za Kihindi maisha yangu yote, na nazipenda, lakini machozi yao siyaamini. Mtu analia, mvua inanyesha, ngoma zinapigwa, na wewe unalia kwa sababu umezungukwa. Hawa wa Korea, wenye cheo walikuwa hawalii. Mama mkwe wa jumba lile, mwanamke wa makamo, aliamuru mtu auawe kwa kushusha ukope mmoja. Nilimshuku tangu alipoingia, na nilipoona ule ukope nikajua sikukosea. Mtu wa kazi yangu anajua ugumu wa kutulia hivyo. Mimi nina mabibi harusi waliofundishwa wiki nzima, na bado mdomo unacheza. Yule mwanamke aliutuliza uso hata ukasikia anachofikiri.

Na aliyepiga picha ile hakuwa mvivu. Milango yao ni ya karatasi, mwanga unapita ukiwa umechujwa kama tunavyochunga hina. Kila mwenye cheo ana rangi yake, na rangi haikuwekwa kwa kupendeza tu. Mwenye kupanda, nguo yake inazidi kuiva. Mwenye kushuka, inapauka kidogo kidogo, huoni siku ipi ilibadilika. Nilimwambia Shamsa malkia mdogo, mke kijana wa mfalme, yu karibu kutolewa, na mambo yalikuwa hayajafika hapo, akanicheka. Nilikisia kwa nguo. Mtu akiwekwa katikati ya chumba kitupu, sakafu inang'aa hata umwone kichwa chini, ujue hana wa kumtetea. Wakati mwingine tulikosea sote. Kulikuwa na mandhari ya vitu vyeupe vikishuka juu ya paa, tukasema ni sufi, kuna mahali wanapasua magodoro. Zikapita kanda mbili ndipo mume wa Shamsa akatuambia ni theluji. Nikamuuliza ameiona wapi. Siku hiyo alijibu vizuri, sikupata la kumshuku.

Lakini sehemu niliyotaka kuwaeleza ni hii. Malkia mdogo anasomewa amri ya kufukuzwa. Mzee anasoma karatasi kwa sauti ndefu, wanawake wote wamelala kifudifudi wakilia, na yeye amekaa wima katikati, macho chini, kidevu sawasawa, mabega yameshuka. Hasemi. Nilimkagua kama ninavyowakagua wangu na sikupata kosa. Nikasema moyoni, amekubali. Halafu vidole viwili vikalainisha kunjo la sketi. Vikalainisha tena. Mara ya tatu vikapita hewani, havikugusa nguo, na yeye hakujua.

Nikamwambia Shamsa arudishe nyuma.

"Kwa nini?"

"Rudisha."

Alirudisha mara saba hata akasema nitaichana kanda ya watu. Sikuwa nalia. Nilikuwa na wasiwasi, kama mtu aliyekumbuka ameacha moto jikoni. Maana ule ukaaji ulikuwa wangu. Ni mimi niliyekuwa nikiufundisha, na siku zote niliuona nikasema, huyu ameridhia. Nikajiambia yule ni mwigizaji, amelipwa, na wangu ni wanawali wa kweli. Nikaenda zangu kusali alasiri.

Haukupita muda nikaitwa Ganjoni, kwenye fleti ya Mama Rukia. Binti yake Rukia alikuwa na miaka kumi na tisa, babake amekufa, na aliyekuwa akimtunza na kukaa nao ni ndugu wa babake, Ami Bakari. Ami ndiye aliyekuwa wali, na ndiye aliyemleta mposaji, rafiki yake mwenye duka la vipuri vya malori Shimanzi, mtu wa umri wa ami mwenyewe. Sikuuliza. Wapambaji hawaulizi mambo ya wenyewe. Hilo nalo nilifundishwa.

Rukia alikuwa mwari mwepesi kuliko wote niliopata. Nilimwambia akae, akakaa. Macho chini, akashusha. Nilimwambia sheikh akija usijibu, akasema, "Sawa, bibi." Mamake akafurahi. "Waona alivyo mtiifu? Hata kulia hajalia."

Na mimi hapo nikaingiwa na shaka. Mwari asiyelia wala kucheka ni wa kuangaliwa. Niliushika mkono wake kwa chini kama nilivyowaambia. Mikono ya wanawali ina tabia. Inatoka jasho, inajivuta ukifika katikati ya kiganja kwa sababu ya mtekenyo, inachoka na kukulemea. Wake ulikuwa umekaa tu. Kwenye kidole cha shahada alikuwa na mkato mpya wa kisu, sikuuona kwa kuwa macho yalikuwa yameanza kunisumbua, na nikapitisha hina yenye ndimu juu yake. Hina ile ingemrusha mtu mzima. Rukia hakushtuka. Lakini chini ya vidole vyangu mshipa ulikuwa ukienda mbio kama cherehani.

Nikamwambia mamake akatuletee chai. Akaenda.

"Hukusikia ndimu?" nikamuuliza.

"Nimesikia."

"Mbona hukusema?"

"Umenifundisha nitulie, bibi."

Nikamtazama vizuri. Nikauliza kama wazee wanavyouliza, kwa kupeleleza. "Una mtu mwingine?"

"Sina."

"Usinidanganye. Wa skuli? Jirani?"

"Bibi, watafuta mtu. Hayupo. Mimi simtaki huyu tu."

"Kwa sababu?"

"Kwani mpaka niwe na mwingine ndipo nisimtake huyu?"

Sikumwamini. Msichana asiyetaka mume na hana mwingine, mimi nilikuwa sijamwona, au nilikuwa sijamuuliza. Nikamuuliza kama amemwambia mamake. Akasema amemwambia, na mamake amejibu kwamba kila mwari husema hivyo. Ami je? "Ami haambiwi." Halafu akaniuliza yeye.

"Sheikh atakuja kuniuliza kweli?"

"Atakuja. Ni sheria."

"Na nikinyamaza?"

Mamake akaingia na chai. Nikainama nikaendelea na mkono wa pili. Hilo ndilo kosa langu, wanangu, na sitaki mnipunguzie. Nilikuwa na jibu mdomoni nikalimeza na chai ya watu. Nikamaliza hina, vidole hadi kwenye kiwiko, na ilikuwa kazi nzuri sana.

Usiku sikulala vizuri. Nilijipa sababu zote. Pengine anaringa. Pengine kuna kijana kweli na anamficha. Pengine akishaolewa atamzoea, kama sisi tulivyozoea. Kila nilichojiambia nilikitilia shaka mwenyewe.

Siku ya nikaha nilimvisha, nikamvukiza udi, nikamkalisha kitandani. Chumba kilijaa wanawake hadi mlangoni. Chini uwanjani wapishi walikuwa na masufuria ya pilau na viti vimepangwa. Baada ya alasiri sheikh akapanda ngazi na mashahidi wawili, na nyuma yao Ami Bakari. Pazia likashushwa.

Sheikh akamtaja kwa jina lake na la babake. Akamtaja bwana harusi, akataja mahari. Akasema, "Ami yako ataka idhini yako akuoze. Umeridhia?"

Rukia alikaa kama nilivyomfundisha. Macho chini, kidevu sawasawa, mabega yameshuka. Hakukuwa na kosa hata moja. Mamake akanitazama mimi. Wanawake wote wakanitazama mimi. Walikuwa wakingoja kigelegele.

Nilikuwa nimeushika mkono wake. Ulimi wangu ulikuwa umekwisha kujikunja tayari kwa mazoea. Nikaufunga mdomo.

Kimya kikazidi urefu wake. Mtu mmoja akakohoa. Mamake akanikanyaga mguu.

"Alhamdulillahi," Ami Bakari akasema nyuma ya pazia. "Amenyamaza. Twendeni, sheikh, watu wangoja."

"Sheikh," nikasema, "hajajibu."

"Nani huyo?"

"Mpambaji."

Ami akacheka. "Bi Mwanamize, kazi yako ni hina. Mwari akinyamaza ndiyo jibu, hata mtoto wa chuo ajua."

"Najua. Lakini huku kunyamaza nimemfundisha mimi juzi, na kabla yake nimewafundisha wengine wengi. Kimya hiki ni changu. Chake hamjakisikia bado. Muulize tena, sheikh, umwambie ajibu kwa mdomo wake."

Mama Rukia akaninong'oneza, "Wataka kutufedhehi?" Sauti yake ilikuwa ikitetemeka, na mimi hadi leo sijui kama ilikuwa hasira au ni kitu kingine.

Sheikh akalisogelea pazia. Alikuwa mtu mzima wa makini, nami nilimshuku vilevile, nikidhani atamsikiliza mwanamume mwenzake. Akasema, "Bakari, kaa nyuma kidogo." Halafu akauliza upya, polepole, akamaliza kwa kusema, "Binti yangu, kusema ndiyo ni halali na kusema la ni halali. Nataka nikusikie."

Nikamminya mkono. Nikamwambia kwa sauti waliyoisikia wote, "Inua kichwa. Yale niliyokwambia, yaache."

Aliinua. Uso wake ukabadilika mbele yetu, ukawa wa mtoto, mdomo ukacheza, machozi yakashuka juu ya wanja wangu na kuuharibu wote.

"Sikuridhia," akasema. Hakusema kwa nguvu. Akaona neno halijafika, akarudia. "Sheikh, sikuridhia."

Tukasikia sheikh akiwaambia mashahidi, "Mmesikia. Ndoa hakuna." Na viatu vikashuka ngazi.

Sitawapambia maneno. Yaliyofuata yalikuwa mabaya. Ami Bakari alinitukana kutoka ghorofa ya pili hadi barabarani. Wanawake waliokula pilau yote, wala hawakuacha hata ukoko, walikuwa haohao waliosema Bi Mize ametumwa na mtu, ameroga, ana kijana wa kumwozesha Rukia. Walimtafuta kijana huyo Ganjoni nzima na hawakumpata, maana hakuwapo. Rukia alitembea na hina ya harusi hadi ilipojifuta yenyewe, akioshea nayo vyombo na kwendea nayo sokoni, na kila mtu aliitazama. Ami yake alihama fleti ile. Mamake hakunisalimia.

Na mimi sikuitwa. Msimu wa harusi ulikuja ukapita, hina yangu ikawa kuukuu ndani ya mkebe. Shamsa peke yake ndiye aliyekuja, na alikuja kunilaumu. "Bi Mize, ungeniambia mapema ningekuwepo," akasema. Nikadhani nitakufa na njaa na jina baya juu.

Halafu asubuhi moja akaja mwanamke wa mtaa wa Buxton, simjui, amevaa buibui lake vizuri, na hakutaka kuketi. Nilimshuku. Nilidhani ametumwa kunipeleleza. Akasema ana binti anaolewa mwezi ujao.

"Nani amekwambia uje kwangu?" nikamuuliza. "Hujasikia habari zangu?"

"Nimezisikia, ndiyo maana nimekuja."

"Wataka hina ya namna gani?"

Akatazama mlangoni kama kuna mtu nyuma yake. "Hina yoyote," akasema. "Nataka umuulize wangu kama ameridhia. Mimi mamake naogopa kumuuliza."

Nikachukua buibui langu, nikafunga mlango, tukaondoka naye.